Dawa ya Kuzuia Viazi na Vitunguu Visiote: Mfanyakazi Ajue Nini?



Safari hii tunazungumza juu ya dawa zinazotiwa katika viazi ulaya na vitunguu ili visiote ghalani. Wengi wetu tunaopakua malori na kulinda maghala hapa Rumonge tumezishika kwa mikono yetu bila kujua hata jina lake. Naandika kwa sababu ya jambo lililompata mwenzetu mmoja.

Mwenzetu huyu ni mchukuzi. Siku moja katika ghala fulani aliambiwa yeye na wenzake wanyunyize unga mweupe juu ya viazi. Unga ulitoka katika kopo lisilo na karatasi. Usiku ule macho yalimwasha hadi asubuhi. Baadaye viazi vile vikauzwa kwa bei nafuu, naye akanunua magunia mawili, akampelekea mama yake mlimani, upande wa Bururi, apande. Mama akalima, akatia samadi, akapanda, mvua ikanyesha. Wiki ya tatu hakuna kitu, wiki ya sita hakuna kitu. Alipofukua alikuta viazi vigumu, macho yamefumba. Msimu ulikuwa umekwisha kupita.

Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo nilikwenda kumwuliza bwana shamba, nikauliza tena kwa wengine. Haya ndiyo niliyojifunza.

KIAZI HULALA NA KUAMKA

Kiazi kikivunwa bado ni kizima. Hulala kwanza, mara nyingi miezi miwili au mitatu kufuatana na aina yake, kisha macho hufunguka. Joto hukiamsha mapema. Kule Mugamba na Bururi kuna baridi, kiazi kinatulia. Kikishuka hapa ufukweni, ambapo ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari na joto ni jingi, huamka upesi. Kikiota hunywea na kupungua uzito. Kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, na uchungu huo ni dalili ya sumu iitwayo solanini. Ndiyo maana mwenye mali hutafuta dawa.

Mmea hukua kwa chembe zake kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Dawa hizi huzuia kugawanyika huko. Kiazi hakifi, lakini chipukizi halipati nguvu ya kutoka. Tushike jambo moja: dawa hizi hazizuii kuoza. Kiazi kilichochubuliwa na jembe au kilicholowa kitaoza tu, hata ukimwaga kopo zima.

DAWA MBILI ZA KUFAHAMU

Ya kwanza ni haidrazidi ya maleiki. Wataalamu wa Marekani waliitangaza mwaka 1949. Hii hupulizwa shambani, juu ya majani mabichi. Majani huinywa, kisha hushuka pamoja na utomvu hadi kwenye kitunguu au kiazi. Kwa vitunguu wakati wake ni wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, shingo zinapoanza kulala na majani bado ni mabichi. Ukiwahi mno, kitunguu huwa laini kama sifongo. Ukichelewa hadi majani yamekauka, umepoteza dawa na pesa, maana hakuna mlango wa kuingilia. Mvua ikinyesha siku hiyo hiyo huiosha. Na haifai kabisa kuimwaga juu ya vitunguu vilivyokwisha vunwa.

Ya pili ni klorprofamu, ambayo kwenye kopo huandikwa pia CIPC. Hii ni ya ghalani, kwa viazi, nayo hutiwa kama unga au hupulizwa kama moshi. Yapasa kungoja wiki mbili hivi baada ya kuvuna, ili vidonda vya kiazi vipone kwanza, kwa kuwa dawa huzuia hata ngozi mpya isifanyike. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliitumia miaka mingi, lakini mwaka 2019 zilikataa kuendelea nayo kwa kuhofia afya ya walaji, na ruhusa ya mwisho ikaisha Oktoba 2020. Hata hivyo zilibidi kuweka kipimo cha muda kwa mabaki yake, maana dawa ilikuwa imeingia katika kuta na sakafu za maghala ya zamani. Hebu fikirini: kama ukuta huishika dawa hiyo, nguo ya mchukuzi je?

MBEGU NI MWIKO

Hapa ndipo mama wa mwenzetu alipopata hasara. Kiazi kilichotiwa dawa hakina alama. Ukikiangalia ni sawa na kingine. Kwa hiyo:

Kwanza, viazi vya mbegu visitiwe dawa hizi hata kidogo.
Pili, visiwekwe katika ghala lililowahi kutiwa klorprofamu, hata kama limefagiwa.
Tatu, usinunue viazi vya kula sokoni ukavipanda bila kujua vilikotoka. Weka vichache mahali penye joto kwanza. Visipoota, usipande.
Nne, mwenye ghala aandike juu ya gunia kwamba viazi vimetiwa dawa.

HAKI YA ANAYESHIKA KOPO

Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema vyombo vya kemikali viwe na alama, na mfanyakazi ana haki ya kujua jina na hatari ya kitu anachoshika. Unasema pia kwamba akiona hatari kubwa iliyo karibu anaweza kujiondoa, naye amjulishe msimamizi mara moja. Basi kopo lisilo na karatasi lisifunguliwe. Kama maandishi ni ya Kifaransa au Kiingereza, atafutwe wa kuyasoma kwa sauti mbele ya wote. Mwenye mali atoe glavu, kitambaa cha pua, miwani na sabuni. Watu wasile wala kuvuta sigara ndani ya ghala. Na bomba la kupulizia lisioshwe ziwani: maji yale tunayanywa, na mukeke na ndagala wanatoka humo humo.

JE, DAWA NI LAZIMA?

Mara nyingi si lazima. Kitunguu kina tabia tofauti na kiazi: huota zaidi katika ubaridi wa kadiri kuliko katika joto la digrii 25 hadi 30. Kwa hiyo hapa Rumonge adui yake mkubwa ni unyevu. Kikaushwe shingo vizuri, kilazwe juu ya chanja penye upepo, na vilivyooza viondolewe kila wiki.

Viazi vya kula vibaki mlimani kwenye baridi na giza, vishushwe kidogo kidogo kadiri soko linavyotaka. Viazi vya mbegu vitandazwe juu ya chanja penye mwanga usio wa jua kali. Mwanga huo hufanya machipukizi yawe mafupi, ya kijani na yenye nguvu. Ila hivyo visiliwe.

Ndugu zangu, mwenzetu bado anabeba magunia, na mama yake alilazimika kukopa mbegu nyingine. Hasara ile ingezuiwa na swali moja lililoulizwa kwa pamoja: hii ni dawa gani? Mmoja akiuliza anaweza kufukuzwa. Tukiuliza sote, tutajibiwa.