Skrubu ya mfupa inayoyeyuka, na joto linaloweza kuidhoofisha

JE, msomaji, umewahi kuvunjika mguu ukatiwa skrubu za chuma? Mfupa huunga, lakini baadhi ya wagonjwa hulazimika kurudi hospitalini ili chuma hicho kitolewe. Hiyo ni opareshini ya pili, gharama ya pili na kidonda cha pili.

Ndiyo sababu wataalamu wanavutiwa na magnesiamu. Madini haya tayari yamo mwilini mwako, na skrubu yake huliwa polepole na majimaji ya mwili hadi ikatoweka. Aidha, ugumu wake unakaribia ule wa mfupa kuliko ugumu wa chuma cha pua au titani.

Wazo hili si geni. Mnamo 1906 daktari Albin Lambotte wa Ubelgiji alifunga mguu wa mgonjwa wa miaka 17 kwa bamba la magnesiamu na skrubu za chuma. Bamba lililika upesi, gesi ikajaa chini ya ngozi, na baada ya siku 8 likaondolewa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya majimaji yenye chumvi, mojawapo huliwa haraka, na hapo ilikuwa magnesiamu.

Shida nyingine ni nguvu, kwani magnesiamu tupu ni laini. Njia moja inayochunguzwa ni kuikanda. Metali husukumwa kwa nguvu katika tundu lenye kona, ikatolewa, ikarudishwa tena na tena, mithili ya mpishi akandaye unga wa chapati. Njia hii ilibuniwa na Vladimir Segal katika Muungano wa Kisovieti miaka ya 1970.

Kila metali ina chembechembe zilizoshikamana. Ikikandwa hivyo, chembe hizo hupungua hadi kufikia mikroni moja hivi, yaani ndogo mara nyingi kuliko upana wa unywele. Mipaka baina yao huongezeka, na ndiyo inayoipa metali nguvu. Mipaka hiyo pia huweza kupunguza kidogo upitishaji wa joto.

Hata hivyo, nguvu hiyo ina adui wake: joto. Magnesiamu huyeyuka kwa nyuzi 650 za Selsiasi. Lakini ile iliyokandwa, ikiwa karibu safi, ikifikia nyuzi 200 hivi, kama katika jiko la kuokea mikate, chembe zake huanza kukua tena na nguvu ikapungua. Kuongeza madini kama yitriamu na zirikoniamu husaidia kuzizuia.

Usiwe na hofu: joto la mwili la nyuzi 37, hata homa ya 40, haliwezi kufanya hivyo. Hatari iko kiwandani. Kadhalika, mvuke wa nyuzi 121 unaotumiwa kuua viini kwenye vyombo vya upasuaji haufai, kwani maji ya moto huila magnesiamu. Miale hutumiwa badala yake.

Skrubu za magnesiamu za kutoka Ujerumani ziliidhinishwa Ulaya mnamo 2013. Ikiwa utatiwa chuma mfupani, muulize daktari wako: Ni metali gani? Je, itatolewa baadaye? Ikiwa ni ya kuyeyuka, imetakaswa vipi? Na kama una chuma cha kawaida kisichokusumbua, usikimbilie kukitoa. Wengi huishi nacho maisha yao yote.