Baklava na siro zake: sukari, asali, muwa, marakuja



Koperative nyingi tunazotembelea ziko na vitu viwili kwa wingi: asali na karanga. Vyote viwili vinauzwa vile vilivyo, asali katika bidoni ya manjano, karanga katika saki, na mununuzi njo anapanga bei. Wamama wengi wametuuliza: tunaweza kutengeneza kitu gani nyumbani kwa hizi karanga na hii asali, kitu chenye kinakaa siku kadhaa bila frigo? Majibu ni mengi. Leo tunachukua moja lenye linatoka mbali, baklava, juu ndani yake kuna somo la siro ambalo litasaidia hata mutu asiyetaka kupika baklava maisha yake yote.

Baklava ni kitu cha Uturuki, Ugiriki, Lebanoni, Siria na Irani. Ni karatasi nyembamba za unga wa ngano, zimepangwa moja juu ya nyingine, katikati kuna karanga za aina fulani zilizotwangwa, inaokwa na mafuta ya siagi, kisha inamwagiwa siro. Zamani huko Istanbul, sultani alikuwa anagawia askari wake baklava katikati ya mwezi wa Ramadani, sinia moja kwa askari kumi. Muji wenye sifa zaidi leo ni Gaziantep, kusini mwa Uturuki. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliandikisha baklava ya Gaziantep kama chakula chenye jina linalolindwa, na hicho kilikuwa chakula cha kwanza cha Uturuki kupata hiyo alama. Hilo jambo la jina tutalirudilia kwa asali yetu.

Kule Gaziantep wanaweka pistashi. Musitafute mbegu ya kupanda hapa kwetu: ule muti unataka baridi kali miezi kadhaa ili uchanue vizuri, na kiangazi kirefu cha joto kikavu. Wagiriki wanaweka nuwa na mdalasini, na asali ndani ya siro. Muji wa Yazd, Irani, wanaweka lozi na hiliki. Walebanoni wanatia maji ya waridi ao ya maua ya michungwa. Kwa hiyo kila watu wanaweka kile shamba lao linatoa. Wagiriki wamekaa Lubumbashi tangu zamani, na Walebanoni wako na maduka katika miji yetu mikubwa, kwa hiyo kuna watu hapa kwetu wanaoijua baklava tayari. Sisi tuko na karanga. Inatosha.

Karanga kwanza, mbele ya sukari

Hapa tunaomba musome polepole. Karanga yenye ilivunwa na mvua, ao ilikaushwa chini kwenye udongo, ao ililala katika saki yenye unyevu, inashikwa na ukungu unaoitwa Aspergillus. Huo ukungu unatoa sumu, aflatoksini, yenye inaharibu ini la mutu, na mutu anayeila kidogo kidogo miaka mingi anaweza kupata kansa ya ini. Sumu haina harufu. Kukaanga kunapunguza sehemu tu, hakuimalizi. Sukari haiiondoi hata kidogo.

Tatizo la baklava, sawa na la unga wa karanga wa kuweka katika mboga, ni hili: karanga iliyotwangwa inaficha. Karanga mbovu ukiitafuna nzima utaitema, juu ni chungu. Ukiitwanga na kuimwagia siro, hakuna anayejua. Njo maana kuna watu wanachagua karanga nzuri za kuuza nzima na zile zilizobaki wanazitwanga. Hiyo tabia iachwe. Wakati wa kuchagua, toeni zile zilizokunjamana, zenye rangi nyeusi ao kijani, zilizotobolewa na wadudu, zilizoanza kuota. Hizo musizipe watoto, wala kuku, wala ng'ombe wa maziwa, juu sumu inapita katika maziwa. Zizikwe ao zichomwe. Na kwa mavuno yanayokuja: kausheni juu ya shitingi ao juu ya kichanja, mpaka ukitikisa ganda karibu na sikio unasikia mbegu inalialia ndani. Saki zilale juu ya mbao, mbali na ukuta.

Siro ni nini

Siro (watu wa pwani wanasema shira) ni sukari iliyoyeyushwa katika maji na kuchemshwa mpaka maji yabaki kidogo. Kazi yake si utamu peke yake. Sukari nyingi inashika maji, na yale maji yaliyoshikwa hayapatikani tena kwa vijidudu na ukungu. Ndiyo sababu baklava iliyopikwa vizuri inakaa wiki moja katika chombo safi, na keki ya kawaida inaota ukungu kwa siku tatu. Siro ikiwa nyepesi sana, baklava inalowa kama mukate uliotumbukizwa katika chai, na inaoza. Ikiwa nzito sana, haiingii ndani, inabaki juu na kesho yake inageuka mawe.

Kipimo chetu cha msingi: sukari kilo 1, maji desilita 7, ndimu nusu. Weka sukari na maji katika sufuria, koroga mpaka iyeyuke, ikianza kuchemka acha kukoroga, tia maji ya ndimu, acha kwa moto mudogo dakika 10 mpaka 15. Ndimu si kwa ladha tu. Ukali wake unapasua sehemu ya sukari kuwa sukari mbili ndogo, glukozi na fruktozi, na hizo zinazuia siro kurudi chembechembe.

Vitabu vya mapishi vya Ulaya vinatoa joto la siro kwa watu wanaokaa karibu na bahari. Kule maji yanachemka kwa digrii 100. Goma na Bukavu tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 95 hivi. Butembo ni chini ya hapo kidogo. Mutu wa Goma akingoja siro yake ifike digrii 104 kama kitabu kinavyosema, atakuwa amekausha maji mengi kupita kiasi na sufuria itakuwa na bonbo. Kama muko na termometa, pimeni kwanza maji matupu yanachemka kwa digrii ngapi kwenu, kisha ongezeni 4. Kama hamuna, dondosheni tone moja juu ya sahani baridi: likisimama bila kukimbia, na kidole kinanata bila kuvuta uzi mrefu, imeiva. Watoto wakae mbali. Siro ya moto inanata kwa ngozi, inaunguza kuliko maji.

Siro ya asali. Asali ni ya bei, hatuichemshi. Moto mrefu unaua harufu yake na unaifanya nyeusi. Chemsheni gramu 600 za sukari na desilita 5 za maji, na kijiti cha mdalasini. Mukitoa sufuria kwa moto, ngoja dakika kumi, kisha korogeni gramu 300 za asali ndani. Ndimu kidogo tu. Asali iliyoganda ni nzuri kwa hii kazi. Wanachama wa sehemu za baridi, kama Lubero, wanajua asali yao inaganda na wanunuzi wanasema eti imetiwa sukari. Hapana. Asali ya kweli inaganda, juu ya glukozi yake. Iwekeni chupa katika maji ya vuguvugu, itarudi.

Lakini kuna wengine kweli wanatia sukari. Mutu aliyejifunza kupika siro ya asali ameshajua pia namna ya kuongeza bidoni, tunalisema wazi. Siro ya asali ni chakula kizuri, na kuiuza kwa jina la asali ni wizi. Yale majaribio ya nyumbani, ya kibiriti, ya tone katika glasi ya maji, hayathibitishi kitu; laboratwari inathibitisha, na mununuzi mukubwa anayo. Bidoni moja ya mwanachama mumoja inafukuzisha asali ya koperative nzima. Kwa hiyo kwenye chupa mwandike jina lake: siro ya asali. Na mutoto mwenye hajafikisha mwaka moja asipewe asali, wala siro ya asali, wala baklava yake, juu asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza mwili wa mutoto muchanga mpaka kupumua kunashindikana, na moto wa jikoni hauziui.

Siro ya muwa. Watu wa bonde la Ruzizi, upande wa Kiliba, muwa munaujua kuliko sisi. Kamua muwa uliokatwa siku ileile, chuja kwa kitambaa, chemsha bila kuchelewa; ukilala, asubuhi mutakuwa na pombe, na hiyo ni kazi ingine. Toa povu kila mara, juu ndani yake kuna uchafu unaoleta uchungu. Litri 10 za maji ya muwa zinatoa siro isiyofika litri 2. Ni kusema litri 8 za maji lazima zipande mbinguni, na ni kuni zenu njo zitazipandisha. Wanachama wanaokaa karibu na Virunga wanajua makala inatoka wapi na inagharimu nini. Kama hamuna makapi makavu ya muwa ya kuchoma, nunueni sukari. Siro ya muwa ni tamu, ina rangi nyeusi na harufu nzuri, lakini haistahili kukata muti. Ndimu inatiwa dakika 10 za mwisho.

Siro ya marakuja tunaipenda sisi kuliko zote. Sukari kilo 1, maji desilita 5. Ikikaribia kuiva, tia desilita 2 za maji ya marakuja yaliyochujwa, acha dakika 5. Ndimu haihitajiki, ukali upo tayari. Inapunguza ule utamu wenye unachosha ulimi. Nanasi inafaa vilevile, lakini ni laini mno, ongeza ndimu.

Kuitengeneza

Unga wa ngano gramu 500, chumvi, vijiko viwili vya mafuta, kijiko cha vinegere, maji robo litri hivi. Kanda mpaka ulainike kama sikio, funika, acha saa nzima. Usikate hiyo saa: unga usiopumzika unarudi nyuma kila ukiusukuma. Gawanya vidonge 20. Kila kimoja sukuma kiwe kama sahani, nyunyiza wanga wa muhogo (ule mweupe unaotulia chini ya maji), panga vidonge kumi pamoja, kisha sukuma vyote kwa mara moja, kwa chupa ao mwiko wa duara, mpaka vifike upana wa sinia ya sentimita 30. Wanga unazuia visishikane. Kule Uturuki pia wanasukuma kwa wanga, na wa kwetu uko bure.

Kumi za kwanza chini, gramu 400 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa kwa ukali (si unga), kumi juu. Kata vipande sasa, mpaka chini, mbele ya moto. Ikishaokwa itavunjika yote. Yeyusha gramu 250 za siagi, toa povu, acha ule uchafu na maji chini, mwaga mafuta safi tu juu. Maji ya siagi yanalegeza karatasi. Wanaopata siagi ya Masisi wamebarikiwa. Mawese ibaki kwa sombe.

Kama hakuna furu, chukua sufuria kubwa, changa kidogo chini, sinia ndani, mufuniko wenye makala juu, makala chache chini. Moto wa wastani, dakika 45 hivi, mpaka rangi iwe ya dhahabu hadi chini. Inua kipande kimoja uangalie.

Kisha sheria moja: kimoja moto, kingine baridi. Baklava ikitoka kwa moto, siro iwe imepoa. Ao kinyume chake. Vyote vikiwa baridi siro haiingii, vyote vikiwa moto, nyumbani mara nyingi karatasi zinalegea. Mwaga polepole, karibu theluthi mbili ya kipimo chetu. Inayobaki iende katika chupa, kwa chai. Usifunike ikiwa na joto, mvuke utaangukia juu. Ilale usiku mumoja.

Asubuhi, mbele ya kupanga bei, chukueni kaye muandike: ngano, sukari, siagi, makala, masaa ya wamama watatu. Karanga na asali pia ziandikwe, kwa bei ya sokoni ya siku ile, hata kama zilitoka shambani kwenu. Gawanyeni kwa hesabu ya vipande. Tumeona vikundi vinavyouza mikate na biskuti vikiacha karanga zao nje ya hesabu, vikisema faida iko. Ile faida ilikuwa bei ya karanga tu, na kazi ilikuwa ya bure. Sinia ya kwanza kuleni nyumbani. Ya pili ipelekeni sokoni vipande kumi tu, siku ya Posho ao ya misa, na mwone ni siro gani inaisha kwanza.