Nani ameandika maneno ya mbele ya shapitre?

Tufungue romani ya hadithi za maajabu, zile nene zenye dunia yake, wafalme wake na vita vyake. Mara nyingi, mbele shapitre ianze, tunakuta mistari miwili mitatu imelazwa upande, kama maneno ya mzee yaliyotolewa mu kitabu cha zamani. Tukienda kutafuta hicho kitabu, hatukipati popote. Mwandishi wa romani njo ametunga yote: maneno, mzee, na kitabu chake.

Mutatuuliza: sasa hiyo si bongo? Iko bongo, ndiyo. Lakini tuangalie inafanya kazi gani.

Mu Dune, ya Mwamerika Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965, mashine kubwa zinachimbua mu mchanga kiungo chenye bei kupita mali yote. Wenzao wanarukaruka juu kuangalia, maana mnyoo mkubwa unaweza kumeza mashine na wafanyakazi wake. Karibu kila shapitre inafunguliwa na maneno ya Irulan, binti wa mfalme mkuu. Ni kupitia maneno hayo tunajua mapema kwamba daktari Yueh atamsaliti bwana wake. Herbert ametunyima mshangao, lakini ametupa woga: kama kumuona ndugu anashuka mu shimo, na wewe umeishajua kwamba miti inayoshika udongo imeoza. Na Irulan mwenyewe haonekani mpaka karibu na mwisho. Mwenye kutusimulia habari ya ule mchanga, kumbe, ni mtoto wa nyumba ya wakubwa.

Lakini ile inatugusa zaidi sisi bantu ya mgodi ni Fils-des-brumes, ya Brandon Sanderson, Mwamerika naye. Kitabu cha kwanza, L'Empire ultime, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2006. (Mwenye kutaka kukisoma mwenyewe aruke vipande viwili hivi, juu tutatoboa siri.) Mule muna mashimo ambamo wafungwa wanajipenyeza mu nyufa nyembamba kutafuta madini ya atium. Mikono yao inakatwakatwa na mawe makali. Asiyeleta kitu anauawa. Kelsier alitoka mule na makovu. Bibi yake Mare alibakia mule.

Mbele ya kila shapitre muna maneno ya daftari ya zamani, ya mtu mwenye mashaka, anayeogopa mzigo aliopewa. Watu wa hadithi wanaamini aliyeandika ni yule mtawala mkali wa miaka 1000. Sisi pia tunaamini, na tunajiuliza namna gani moyo mwema vile uligeuka jiwe. Mwishoni njo tunapata jibu: haukugeuka. Mwenye daftari aliuawa, na mtawala ni mpagazi aliyekuwa anabeba mizigo ya safari yake, aitwaye Rashek. Maneno yalikuwa ya kweli. Jina njo lilikosewa.

Mu kitabu cha pili, cha 2007, maneno ni ya mtu anaitwa Kwaan. Aliyachora mu chuma, juu hakuamini tena kitu kilichoandikwa mahali pengine.

Hatusemi kwamba kila mwandishi anajua hii kazi. Wengi wanatia mistari ya mzee fulani kama maua juu ya meza. Tuliruka kurasa nyingi za namna hiyo na hatukukosa kitu. Alama ya ile mizuri ni hii: ukimaliza romani, unarudi nyuma kuisoma peke yake, na inasema jambo lingine.

Ya Kwaan tuliirudilia yote. Sazed, mtunzaji wa habari za kale, alitoa kopi yake kwa kusugua makaa juu ya karatasi. Halafu nguvu mbaya ikabadilisha maneno kwa siri, na yeye akaendelea kuyafasiri usiku na mchana. Alikuja kulinganisha karatasi na chuma wakati kosa limeishafanyika.