Fundi wa Miwani Hafunzwi kwa Barua Peke Yake

Nchelenge ni mji wa wilaya ulioko mwambao wa kusini-mashariki wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, ambako Kiswahili husemwa sokoni na kambini. Ndani ya ziwa hilo kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili.

Watu wa mwambao huo huishi kwa samaki. Usiku wavuvi huwasha taa majini ili kuwavuta chisense, ndio dagaa wa Mweru. Mchana hukaa kivulini wakishona nyavu, na wanawake huchambua na kuanika. Kazi zote hizi zahitaji jicho linaloona karibu, na jicho hilo ndilo linaloanza kumwasi mtu apitapo miaka 40. Lenzi iliyomo ndani ya jicho hukakamaa kidogo kidogo, ikashindwa kujikunja kama zamani. Si ugonjwa. Kinachotakiwa ni miwani ya kusomea.

Ndugu askari, jambo hili halimhusu mvuvi peke yake. Sajini anayeutambua mtumbwi ukiwa bado mbali aweza kushindwa kusoma leseni ya mwenye mtumbwi huo akikabidhiwa mkononi. Askari anayepima tundu la wavu ili ajue kama ni halali au haramu, na yule anayeandika maelezo ya mshitakiwa kwa taa hafifu huku karatasi ameiweka mbali kwa urefu wa mkono wake wote, wamo katika hesabu hiyo hiyo. Wengi huona haya kusema, wakidhani kwamba kukiri ni kujiombea kustaafu.

Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, mahali ambapo maaskari wa zamani wanapakumbuka kwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Ilionekana kwamba watu 6 hivi kwa kila 10 waliofikia miaka 40 na zaidi walikuwa na upungufu huo wa kuona karibu, na walio wengi mno hawakuwa na miwani. Mwaka 2018 yakatoka matokeo mengine kutoka Assam, India: wachuma chai waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao kuliko wenzao wasiopewa, kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo miwani ni chombo cha kazi, kama jembe au wavu.

Basi nani ataitoa miwani hiyo? Hapa lazima tutenganishe watu watatu ambao mara nyingi huchanganywa. Daktari wa macho hutibu na kupasua. Mpima macho hupima uwezo wa kuona na kuandika nguvu ya lenzi inayotakiwa. Fundi wa miwani huisoma karatasi hiyo, akachagua fremu, akapima uso, na kuhakikisha kwamba lenzi imekaa mahali pake. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, wapima macho hufundishwa darasani. Lakini kumtoa mtu Nchelenge kwa miaka kadhaa ni kuuacha mwambao bila mtu, na huenda asirudi.

Uingereza wana njia nyingine. Chama cha mafundi wa miwani kiitwacho ABDO, kilichoundwa mwaka 1986, hufundisha kwa mbali. Mwanafunzi huajiriwa katika duka la miwani, hujisomea nyumbani, hutuma kazi zake zisahihishwe, na huenda chuoni kwa vipindi vifupi. Wakati wote huo yuko chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na hawezi kusajiliwa mwenyewe mpaka atimize saa zipatazo 1,600 za kazi iliyosimamiwa.

Kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Zambia kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1967, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. Maaskari wangapi hawakupata vyeti vyao kwa kusoma usiku kambini?

Na kweli, sehemu kubwa ya elimu ya miwani yaweza kusafiri ndani ya bahasha. Lenzi ya dayopta 1 hukusanya mwanga umbali wa mita 1, na ya dayopta 2 nusu mita; hesabu hii mtu aweza kuijua peke yake. Aweza pia kujua kwamba kitovu cha lenzi kikikosea mboni kwa milimita chache, lenzi kali huuvuta mwanga upande na mvaaji huumwa kichwa. Kuishika rula juu ya pua ya mtu anayepepesa macho na kupata milimita zilizo sahihi ni jambo jingine kabisa. Fremu nyingi zilizochongwa kwa pua nyembamba za Ulaya huteleza kwenye pua zetu, na kuipasha moto plastiki mpaka ikubali kupinda bila kukatika kunahitaji kidole kilichokwisha kuunguzwa mara kadhaa.

Bado hilo si kubwa. Kubwa ni kujua wakati wa kutotoa miwani. Watafiti wa miaka ya 1960 waliandika habari za upofu katika Bonde la Luapula, hasa kwa watoto: surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Zambia iliamuru sukari itiwe vitamini A mwaka 1998, na chanjo ya surua imeokoa macho mengi. Hata hivyo mtoto wa jicho na presha ya jicho bado vipo, na presha hiyo huila nuru kutoka pembeni bila maumivu. Anayemwuzia mgonjwa wa namna hiyo miwani amempa faraja ya uongo, na miezi anayompotezea hairudi. Kitabu hutaja dalili. Msimamizi humzuia mwanafunzi mkono kabla hajakosea.

Msimamizi huyo ndiye adimu mwambaoni, kuliko vioo na kuliko vitabu. Rwanda, kuanzia mwaka 2012, iliwafunza wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya kupima macho, kutoa miwani ya kusomea, na kuwapeleka mbele wenye ugonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo yaitwayo TAP: somo husomwa kwenye mtandao, kisha huja mazoezi mbele ya mwenye ujuzi. Hospitali ya Mtakatifu Paulo iko Kashikishi, jirani ya Nchelenge. Muuguzi anayejifunza kwa namna hiyo angekuwa na mahali pa kuwapeleka wagonjwa wasiohitaji kioo bali tiba.

Na wakati wa mazoezi upo. Kila mwaka, tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Askari hulinda ziwa, na wavuvi huwa nchi kavu wakitengeneza nyavu, sindano mkononi, wakizisogeza mbali na uso ili waone tundu.