Lugha ya Nyumbani na Michezo ya Vijana

Huko Nassa, karibu na Ghuba ya Speke katika mkoa wa Simiyu, wazee huamkiana asubuhi kwa Kisukuma: "Mwangaluka." Wako watoto wanaoifahamu salamu hiyo, lakini hujibu kwa Kiswahili.

Jambo hili lina sababu yake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, nacho kimewaunganisha watu wa makabila zaidi ya 120. Hiyo ni neema kubwa. Lakini neema hiyo haikudai mtoto anyimwe lugha ya bibi yake. Mtoto asiyeweza kuzungumza na bibi yake hukosa mausia ambayo hakuna mwingine wa kumpa.

Basi Kisukuma kifundishwe kwa njia gani? Wengi watasema: kwa kitabu. Kitabu ni chema, lakini hakitoshi. Kwani katika Kisukuma kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi jambo hilo. Sikio ndilo mwalimu, na mtoto husikia na kusema kwa furaha anapocheza.

Tutazame isolo, yaani bao la Wasukuma. Mashimo huweza kuchimbwa ardhini na vijiwe vikawa kete, gharama hapana. Babu acheze na mjukuu, na hesabu yote iwe kwa Kisukuma. Hapo mtoto atatambua kuwa "watu watatu" ni "banhu badatu": "wa" imekuwa "ba", na "ta" imekuwa "da". Kadhalika katika mpira wa miguu, mwenye kuwazoeza vijana aweza kuhesabu na kuamrisha kwa Kisukuma, wala masomo ya shule hayataharibika.

Watu wa Ireland walilifahamu jambo hili zamani. Mwaka 1884, katika mji wa Thurles, waliunda chama cha michezo yao ya asili, Gaelic Athletic Association, na hata leo chama hicho huisaidia lugha ya Kiairishi. Hata hivyo, michezo peke yake haikuirudisha lugha hiyo katika kila nyumba. Uwanja huisaidia nyumba. Hauwezi kushika mahali pake.

Huenda mzazi Mwislamu akaingiwa na wasiwasi, kwani mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika yalijulikana pia kwa dawa za kuvutia watazamaji. Dawa hizo na aziepuke. Lugha haina kosa. Sura ya Rum, aya ya 22, yahesabu tofauti ya lugha kuwa miongoni mwa Ishara za Mwenyezi Mungu. Na katika Hadithi za Bukhari imesimuliwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale, akawatia moyo.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msingoje vitabu viletwe kutoka mbali. Jioni, baada ya kazi, wakusanyeni watoto, itengeni nusu saa ya isolo au ya mpira, na katika nusu saa hiyo lugha ya nyumbani itawale. Wazee wanaoijua vizuri wangali hai. Kesho huenda tusiwapate.