Punguza uzito wa sauti mbele ya kuituma

Kama uko Tenke na unataka kutuma mazungumzo Kolwezi, angalia kwanza uzito wa fishie. Dakika moja ya WAV ya stereo inakula karibu mega 10; saa moja, mega 600. Kuifunga na zip inasaidia kidogo tu: zip inapunguza sana maandishi, kwa sababu maneno yanarudi-rudi. Sauti haiko vile.

Weka programu ya bure ffmpeg ku ordinatere, fungua terminali, andika:

ffmpeg -i habari.wav -b:a 128k habari.mp3

Dakika moja inabaki karibu mega 1. Lakini MP3 inatupa sehemu ya sauti, na hairudi tena. Usifute WAV: siku mtu atakana maneno yake, ile ndiyo ushahidi wako.