Koleo mkononi si leseni: Mafunzo kutoka India ya Mkoloni



Usafi wa kinywa ni jambo ambalo Muislamu hahitaji kubembelezwa. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ameeleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa lau asingechelea kuwatia umma wake uzito angewaamrisha kupiga mswaki kila wanaposimama kuswali. Hilo tunalijua, na alhamdulillah wengi tunajitahidi.

Lakini leo tutazame upande wa pili. Jino limeshatoboka, shavu limevimba, usiku hakulaliki. Asubuhi unatafuta mtu wa kulitoa. Je, unamuuliza anayekuja na koleo alisoma wapi, na nani kampa ruhusa ya kuingiza mkono kinywani mwako? Wengi wetu hatuulizi. Tunauliza bei tu.

Swali hili si geni, na wala halikuletwa na wazungu. Tulifuatilie kwa kutazama yaliyotokea India wakati wa utawala wa Mwingereza, ambako serikali iliwaacha watu wang'olewe meno na yeyote kwa miaka mingi, mpaka wenyeji wenyewe, Waislamu wakiwa mstari wa mbele, walipodai sheria.

Uislamu ulitangulia

Kwanza tuweke msingi. Ipo hadithi katika vitabu vya Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah yenye maana kwamba mtu anayejitia kutibu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi yeye ni mdhamini, yaani atabeba dhima ya madhara atakayosababisha. Wanachuoni wameijenga juu yake hukumu ya fidia kwa mgonjwa aliyedhuriwa na mganga asiye na ujuzi.

Halikubaki kuwa neno la vitabuni. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, Khalifa Al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari kuwa mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru kuwa asitibu mtu yeyote mjini humo mpaka apewe mtihani na mkuu wa matabibu, Sinan ibn Thabit. Wanahistoria wanaeleza kuwa waliofanyiwa mtihani walizidi 860, na kila aliyefaulu aliruhusiwa kutibu katika kiwango cha ujuzi wake tu.

Na kuhusu meno hasa, tabibu mkubwa wa Andalusia, Al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif juu ya kukwangua ukoga kwenye meno na akachora vyombo vyake. Aliwaonya pia waganga wasikurupuke kung'oa, kwani maumivu yanaweza kumdanganya mgonjwa akaonesha jino zima badala ya bovu. Akawalaumu vinyozi wajinga kwa madhara wanayowafanyia watu. Haya yaliandikwa karibu miaka elfu moja iliyopita.

Mwingereza nyumbani kwake

Uingereza yenyewe ilichelewa. Hadi karne ya 19, meno yaling'olewa na vinyozi, wahunzi na wauza dawa. Mwaka 1878 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kwanza ya madaktari wa meno, na daftari la majina yao likaanzishwa. Sheria ile, hata hivyo, ilikuwa na tundu kubwa. Ilichokataza ni kutumia jina la daktari wa meno bila kusajiliwa. Haikukataza kazi yenyewe. Mtu asiyesoma aliendelea kung'oa meno kama kawaida, ili mradi tu kibao chake mlangoni hakijamwita daktari.

Tundu hilo lilizibwa mwaka 1921, ilipopitishwa sheria nyingine iliyozuia kazi yenyewe kwa wasiosajiliwa. Na kwa kuwa wengi walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo, waliokuwa wameifanya kwa miaka mitano kati ya saba iliyotangulia walipewa nafasi ya kuandikishwa. Tulikumbuke jambo hili, tutalikuta tena mbele.

India: sheria kwa madaktari, meno yaachwe

Je, katika makoloni hali ilikuwaje? India ilikuwa koloni kubwa kuliko yote. Huko serikali za majimbo zilitunga sheria za kuwasajili madaktari wa kawaida: Bombay mwaka 1912, Bengal na Madras mwaka 1914. Mwaka 1916 ikaja sheria ya kudhibiti shahada za udaktari, na mwaka 1933 ikapitishwa sheria ya kuunda Baraza la Madaktari la India nzima.

Lakini meno hayakuwekewa sheria yake. Mwenye uwezo alikwenda kwa daktari wa meno aliyesomea Ulaya au Marekani. Maskini alikwenda kwa fundi wa njiani, aliyetandika kitambaa chini, akapanga koleo zake na rundo la meno aliyokwisha kuyatoa liwe tangazo. Katika mji wa Calcutta walikuwapo pia mafundi wa meno wa Kichina, waliorithishana kazi baba kwa mwana. Wapo waliokuwa hodari, na wapo waliokuwa hatari. Mgonjwa hakuwa na njia ya kuwatofautisha, kwa sababu daftari la majina halikuwapo.

Na hapa pana jambo la kutafakari. Hata kama serikali ya kikoloni ingetaka kuwasajili wenye shahada pekee, wenyeji wangezipata wapi shahada hizo? Chuo cha meno nchini hakikuwapo. Sheria bila chuo ingekuwa na maana moja tu: kazi hii ibaki mikononi mwa wageni na watoto wa matajiri waliomudu nauli ya meli.

Kijana wa Bengal

Aliyeliona hilo ni Dk. Rafiuddin Ahmed, Muislamu aliyezaliwa mwaka 1890 katika Bengal ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Alisoma Aligarh, kisha akasafiri hadi Marekani na kupata shahada ya udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1915. Akafanya kazi Boston katika hospitali ya meno ya watoto ya Forsyth hadi mwaka 1918, halafu akarejea nyumbani.

Angeweza kufungua chumba chake cha tiba, akatajirika kwa kuwatibu wakubwa. Badala yake, mwaka 1920 alianzisha Calcutta chuo cha kwanza cha meno katika India. Fedha alizitoa wapi? Hakupewa na Gavana. Alifungua duka la soda na vinywaji baridi alilolipa jina la New York Soda Fountain, na mapato yake yakaendesha chuo. Tuyazingatie haya sisi ambao kila jambo tunasubiri mfadhili.

Miongoni mwa waliosomea udaktari wa meno Calcutta ni Bi. Fatima Jinnah, dada yake Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan. Mwaka 1923 alifungua chumba cha tiba ya meno mjini Bombay, na akafanya kazi hiyo hadi mwaka 1929. Wanaodai kuwa mwanamke wa Kiislamu hana nafasi katika elimu ya tiba wana jibu lao hapa.

Dk. Ahmed hakuishia kwenye chuo. Mwaka 1925 alianzisha jarida la meno pamoja na jumuiya ya madaktari wa meno wa Bengal, ambayo baadaye ikawa ya India nzima. Mwaka 1928 akatoa kitabu cha kufundishia wanafunzi. Kisha wakaanza kuidai serikali itunge sheria.

Sheria yapatikana

Sheria ya kwanza ya kuwasajili madaktari wa meno katika India ilipitishwa Bengal mwaka 1939. Yaani miaka 25 baada ya jimbo hilo hilo kuwasajili madaktari wengine, na miaka 61 baada ya Uingereza kuwawekea sheria watu wake. Kwa nchi nzima, mkoloni aliondoka mwaka 1947 bila kuikamilisha kazi hiyo. India huru ndiyo iliyopitisha Sheria ya Madaktari wa Meno mwezi Machi 1948, na Baraza la Meno la India likaundwa mwaka 1949.

Je, wale mafundi wa zamani walifanywaje? Sheria ya 1948 iligawa daftari sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya wenye shahada zinazotambuliwa. Ya pili ni ya wasio na shahada hizo, lakini ambao wamekuwa wakiishi kwa kazi ya meno kwa muda usiopungua miaka mitano kabla ya usajili. Ni utaratibu ule ule wa Uingereza wa mwaka 1921: waliokuwapo waandikwe na wajulikane, lakini mlango ufungwe nyuma yao. Kuanzia hapo, anayetaka kuingia apitie chuoni.

Mwaka huo wa 1949 Dk. Ahmed alikikabidhi chuo chake kwa serikali ya West Bengal, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1965. Tunamuombea kwa Allah (s.w.) amlipe kheri, kwani elimu yenye kunufaisha ni katika amali zisizokatika baada ya mauti.

Kwetu je?

Afrika Mashariki nayo ilirithi sheria za Mwingereza. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 409, ambayo iliendelea kutumika miaka mingi baada ya uhuru. Nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2017. Baraza linalosajili bado linaitwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya nayo ina sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 1978.

Lakini tofauti na India, kwetu sheria ilitangulia chuo. Mafunzo ya shahada ya meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, karibu miaka 18 baada ya uhuru. Pengo hilo ndilo linalojazwa na kila mwenye koleo.

Na madhara yake makubwa yanawapata wasioweza kusema. Tunazungumzia kile kinachoitwa "meno ya plastiki". Mtoto wa miezi mitano au sita anapata homa na kuharisha. Bibi au jirani anamfunua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anasema hayo ndiyo meno ya plastiki, apelekwe kwa fulani akatolewe. Fulani huyo anachimbua ufizi kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli, bila ganzi.

Ndugu msomaji, hakuna meno ya plastiki. Uvimbe ule ni chonge za utotoni ambazo bado ziko ndani ya ufizi zikisubiri wakati wake wa kuota. Homa ni ya malaria au maambukizi mengine, na kuharisha kuna sababu zake. Wakati mzazi anahangaika na fizi, ugonjwa wenyewe unaendelea kumla mtoto. Juu ya hapo anaongezewa kutoka damu nyingi, pepopunda, usaha na hatari ya Ukimwi kwa kifaa kilichotumika kwa watoto wengine. Akipona, huenda hata meno yake ya ukubwani yakaota yameharibika.

Huyu mchimba fizi akiua, kwa mujibu wa hadithi tuliyoitaja hapo juu, dhima iko shingoni mwake. Lakini mzazi naye ajiulize atajibu nini kwa amana aliyopewa.

Tufanye nini

Kwanza, kabla ya kuketi kwenye kiti, uliza: daktari huyu amesajiliwa? Cheti na leseni ya kituo hubandikwa ukutani. Usipoviona, uliza bila kuona haya. Mtaalamu wa kweli hachukii.

Pili, angalia usafi. Glavu ziwe mpya kwa kila mgonjwa, sindano ifunguliwe mbele yako, na koleo ziwe zimechemshwa kwa mvuke wa presha. Kuzisuuza kwenye beseni hakutoshi.

Tatu, ukishang'olewa, uma pamba uliyowekewa kwa nusu saa hivi. Usisukutue siku hiyo. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Damu isipokatika, uso ukivimba, ukipata homa au ukashindwa kumeza, rudi hospitali haraka.

Nne, mtoto akipata homa au akaharisha, mpeleke kituo cha afya akapimwe. Fizi zake ziacheni.

Tano, misikiti na jumuiya zetu zisomeshe vijana fani hii, wa kike na wa kiume. Dk. Ahmed alianza na duka la soda. Sisi tuna maduka mangapi?

Na kabla ya yote hayo, tudumu na mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala, ili koleo lisihitajike.

Wabillahi tawfiiq.